Insulini ya mama mkwe iliharibikia wapi? Desemba tunakwenda Muscat, nisaidieni kupanga sanduku la dawa

#1 Binti_Shangani
Habari zenu wanajukwaa. Niko Mtwara mjini, Shangani. Desemba tunakwenda Muscat kwa wifi yangu, wiki 3, watu 6: mimi, mume wangu, mama mkwe mwenye sukari anayechoma insulini, na watoto watatu, wa miaka 9, miaka 5 na miezi 14. Huyu wa miaka 5 ana pumu. Sanduku la huduma ya kwanza nimeanza kulipanga mapema kwa sababu ya mwaka jana.

Mwaka jana tulikwenda Moroni, Komoro, harusini. Insulini ya mama ni ile ya mchanganyiko, 70/30, ya kichupa. Tulitoka Mtwara na basi la alfajiri, vichupa viwili ndani ya kideli kidogo chenye mifuko ya barafu. Konda akakataa deli lisikae miguuni, likaingia kwenye buti. Dar tukalala usiku mmoja, vichupa friji ya wenyeji wetu. Kesho yake ndege: kichupa kimoja kwenye pochi yangu, kingine nikakisahau kwenye begi kubwa, kikaenda chini na mizigo. Moroni vyote viwili vikaingia friji moja, na umeme ulikuwa unakatika mara kwa mara.

Siku ya tatu asubuhi mama anapima sukari kabla hajala: 22 (mmol/L), iko juu mno. Jioni: 19. Anakojoa kila saa, midomo imemkauka, hataki hata kuongea na wageni. Dozi ni ile ile ya kila siku na mimi ndiye niliyekuwa namsimamia, hajaruka hata moja. Tukanunua kichupa kipya duka la dawa la kule, sukari ikachukua siku mbili kufika 11.

Mpaka leo sijui ilikuwa wapi. Na nisipojua, nitarudia kosa lile lile. Sandukuni hadi sasa nina plasta, gozi, bandeji, spiriti, kipimajoto, paracetamoli ya maji, ORS (chumvi ya kuchanganya na maji kwa anayeharisha) na pampu ya pumu ya mtoto. Semeni.

#2 Kijana_wa_Ndanda
Pole dada. Mimi nasema barafu. Insulini ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka hairudi. Kichupa kikigusana na mfuko wa barafu safari nzima ya Mtwara hadi Dar, upande mmoja unaganda na wewe huoni. Siku nyingine kifunge kwenye taulo kwanza, barafu ikae upande wake.

#3 Mzee_wa_Nangurukuru
Barafu gani inayodumu kwenye buti la basi? Nilitoka Mtwara na kopo la samli iliyoganda vizuri, kulifungua Nangurukuru ni maji matupu, kopo lenyewe halishikiki kwa moto. Buti liko karibu na injini na chini kuna lami. Huyo mama insulini yake ilipikwa, haikuganda. Na konda aliyekataa deli la mgonjwa lisikae ndani hakufanya vizuri.

#4 Pwani_Tupu
Mmesahau saa. Mkivuka nchi saa zinabadilika, kwa hiyo mwili wa mama ulipata dozi saa isiyo yake. Hilo peke yake linapandisha sukari.

#5 Msafiri_wa_Chuno
#4, Komoro saa zake ni sawa na zetu, hakuna kilichobadilika hata dakika. Muscat ndiyo iko mbele yetu kwa saa 1. Hiyo nayo ni saa moja tu, anasogeza kidogo dozi na chakula.

#6 Pwani_Tupu
Sawa, nimekubali kwa Moroni. Asante kwa masahihisho.

#7 Nesi_Mstaafu_Masasi
Nimesoma yote. Binti, kabla ya kulaumu basi na friji, nijibu haya. Moja: hiyo 70/30 ni ya mawingu, ikitulia inajitenga, dawa inazama chini. Mama alikuwa anaizungusha taratibu viganjani kabla ya kuvuta, mara 10 au zaidi? Au alikuwa anaitikisa tu, au anavuta hivyo hivyo? Mbili: anachoma wapi, na anahama mahali? Tatu: alikuwa na homa, kikohozi, kidonda, au mkojo unaouma? Maradhi yoyote yakiingia, sukari inapanda hata kama insulini ni nzima. Nne: je, kichupa ulikitazama? Cha mawingu kilicho kizima, ukizungusha kinakuwa cheupe sawasawa kama maziwa. Kilichoharibika kinabaki na punje zinazoelea au ukungu mweupe uliogandia kwenye kioo.

#8 Binti_Shangani
Shikamoo bibi, asante. Homa hakuwa nayo. Kichupa sikukitazama, nilikitupa kwa hasira, na hilo najutia. Kuzungusha: anakitikisa kwa nguvu mara mbili tatu basi. Na kuchoma, nimemuuliza leo mchana, amenionyesha. Miaka yote tumbo upande wa kulia, chini ya kitovu. Nimeshika, kuna uvimbe mgumu ukubwa wa korosho moja iliyobanguliwa. Hakuwahi kutuambia.

#9 Nesi_Mstaafu_Masasi
Marahaba. Hapo kwenye uvimbe dawa hainyonywi vizuri, leo inaingia nyingi, kesho kidogo. Asichome tena hapo. Ahamie upande wa pili na mapaja, kila siku asogee upana wa vidole viwili. Lakini mpeleke kliniki kwanza, kwa sababu akihamia pahali pazima dozi ile ile inaweza kumshusha sana, na atakuwa safarini. Sisemi ndiyo sababu ya Moroni. Kama ni uvimbe, kwa nini Mtwara sukari haikuwa 22?

#10 MamaPacha_Nachingwea
Mimi naona mnaikwepa harusi. Harusi ya Ngazija, kisiwa chenye Moroni, jamani! Siku nzima sahani zinapita: wali, nyama, maandazi, halua. Mama mtu mzima, mgeni wa heshima, atakataa mara ngapi?

#11 Binti_Shangani
Halua hakuigusa, nilikaa naye. Wali alikula kidogo. Ila madafu alikunywa, mawili kwa siku, anasema dafu ni dawa.

#12 MamaPacha_Nachingwea
Haya, dafu nalo lina sukari. Lakini 22 kwa madafu mawili hata mimi nasita.

#13 Mpakiaji
Nafanya kazi ya kupakia mizigo uwanja wa ndege, siutaji. Wengi wanasema kule chini mizigo inaganda. Ndege nyingi za abiria chumba cha mizigo kina hewa ya kawaida kama juu, ila joto halilingani, pembeni pa ukuta wa ndege panaweza kuwa baridi sana. Hofu yangu mimi ni lile toroli. Mabegi yanaweza kukaa juani nusu saa, saa nzima, yakisubiri. Na begi likipotea je? Dawa ya mtu kuishi haikai kwenye begi linaloenda chini, hata siku moja. Wakaguzi wa mlangoni wanajua kuwa dawa za maji na insulini haziingii kwenye ule ukomo wa mililita 100, mradi uwaambie mapema na uwe na cheti cha daktari chenye jina linalofanana na pasipoti.

#14 Fundi_Mikindani
Kwa kuhifadhi bila umeme: mtungi. Chungu kikubwa, ndani chungu kidogo, katikati mchanga uliolowa, juu kitambaa kilicholowa. Babu yangu aliweka dawa humo miaka yote.

#15 Kijana_wa_Ndanda
Mtungi unafanya kazi maji yanapokauka kwenye udongo, na yanakauka vizuri penye hewa kavu. Huku kwetu Ndanda kiangazi, sawa. Mikindani kwenye unyevu wa bahari, au Moroni, nguo tu inachukua siku mbili kukauka. Utapata baridi kidogo, usitegemee zaidi.

#16 Fundi_Mikindani
Kidogo ndicho kinachotakiwa. Kichupa kilichokwisha funguliwa hakihitaji baridi ya friji, kinatakiwa kisizidi nyuzi 30, na kitumike ndani ya wiki 4. Cha akiba ndicho kinachotaka nyuzi 2 hadi 8. Watu wa bara mnapenda kubishana na chungu kabla hamjakigusa.

#17 Kijana_wa_Ndanda
Hapo kwenye nyuzi 30 umesema kweli, mtani. Na Muscat Desemba kuna ubaridi kuliko Mtwara, kwa hiyo tabu yao iko huku huku, kati ya Shangani na uwanja wa ndege Dar.

#18 Abiria_wa_Somanga
Naomba niseme kuhusu huko huko njiani. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya, barabara ilikatika Somanga. Tulikwama na mabasi yamepanga foleni mbele na nyuma. Nilikuwa na mwanangu wa mwaka mmoja na nusu, akaanza kuharisha usiku ule ule. Dukani pale hakuna kitu, maji ya chupa yamekwisha. Dawa zote nilikuwa nazo, lakini ziko kwenye begi kubwa ndani ya buti, na buti limezibwa na magunia ya watu. Mama mmoja kiti cha nyuma alikuwa na pakiti 3 za ORS kwenye mkoba wake. Tukachemsha maji kwa mama lishe, pakiti moja lita moja, nikamnywesha kijiko kimoja kimoja mpaka kunakucha. Nilikuwa nabana ngozi ya tumbo naona inavyochelewa kurudi, halafu kulipopambazuka ikawa inarudi haraka, na akalia machozi yakatoka. Yale machozi sitayasahau.

Tangu siku ile nina mifuko miwili. Sanduku kubwa linakaa na mizigo. Mfuko mdogo haushuki begani kwangu: ORS, zinki, paracetamoli, kijiko, kikombe, kipimajoto. Yule mama simjui jina, Mungu amlinde.

#19 Binti_Shangani
#18, nimesoma hadi mume wangu akaniuliza nina nini. Nashona mfuko huo kesho.

#20 Nesi_Mstaafu_Masasi
Na zinki usiiache, ndiyo ambayo watu wanaisahau. Mtoto wa zaidi ya miezi 6, miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu. Na pakiti zikiisha: lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari visivyo na kilele, nusu kijiko cha chumvi. Chumvi isizidi.

#21 Duka_la_Dawa_Newala
Mimi nauza dawa, nitaje mambo ya majina. Andika kwenye karatasi jina la dawa lenyewe, usiandike jina la kampuni, maana nchi nyingine hawalijui. Marekani paracetamoli wanaiita acetaminophen, na salbutamoli ya pampu wanaiita albuterol. Tazama na nguvu ya dawa: paracetamoli ya maji ya watoto ya kwetu mara nyingi ni miligramu 120 kwa mililita 5, huko nje utakuta chupa ya 250. Ukimpa mtoto kijiko kile kile ulichozoea, umempa zaidi ya maradufu. Hesabu kwa uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, zisizidi mara 4 kwa siku. Aspirini usimpe mtoto.

Jingine, mkipitia Dubai au popote Ghuba: tramadoli na dawa za kikohozi zenye kodeini acheni nyumbani. Kule ni dawa zinazodhibitiwa, zinataka kibali kabla ya kuingia, na mtu anaweza kushikwa. Vidonge vyote vikae kwenye boksi lake la dukani. Ile tabia yetu ya kumwaga vidonge kwenye kikaratasi, afisa wa mpaka atajuaje ni nini?

#22 Nahodha_Msanga_Mkuu
Mbona hakuna aliyetaja jiwe la nyoka? Sanduku la safari bila jiwe la nyoka halijakamilika. Na kamba ya kufunga juu ya jeraha.

#23 Nesi_Mstaafu_Masasi
Nahodha, nakuheshimu, lakini hapa hapana. Jiwe halinyonyi sumu. Na kamba inakata damu, nimeona mguu wa kijana ukikatwa kwa sababu ya kamba, sumu yenyewe ilikuwa ndogo. Usichane, usinyonye, usifunge. Mlaze, mguu usitikisike kama uliovunjika, vua pete na bangili kabla hajavimba, kimbia hospitali. Ile bandeji ndefu na kipande cha ubao vinatosha.

#24 Nahodha_Msanga_Mkuu
Baba yangu alipona kwa jiwe, shamba la mikorosho, nilikuwepo.

#25 Kijana_wa_Ndanda
Nyoka wengine hawana sumu, na wenye sumu mara nyingine wanauma bila kuitoa. Huenda baba angepona hata kwa jiwe la kusugulia miguu.

#26 Nahodha_Msanga_Mkuu
Huenda. Lakini jiwe nimelitunza.

#27 Mama_Pumu_Lindi
Turudi kwa mtoto wa pumu. Dada, hujataja spesa, kile kichupa cha plastiki kinachounganishwa na pampu. Mtoto wa miaka 5 akipuliziwa pampu moja kwa moja mdomoni, dawa nyingi inaishia kwenye ulimi. Spesa ikikosekana, mimi natumia chupa ya maji ya nusu lita. Nilipasha waya, nikaukunja umbo la mdomo wa pampu, nikatoboa kitako cha chupa, pampu ikaingia kwa kubana, nikazungushia plasta ya utepe hewa isipite. Mtoto anashika mdomo wa chupa, nabonyeza mara moja, anavuta pumzi taratibu mara 5, ndipo nabonyeza tena. Ioshe kwa sabuni na uiache ikauke yenyewe, usiifute kwa kitambaa. Kwenye ndege aliwahi kubanwa tukiwa juu, chupa hiyo hiyo ndiyo ilitufikisha. Chukua pampu 2, zisikae mfuko mmoja.

#28 Pwani_Tupu
Mimi huwa nawapa watoto dawa mseto wiki moja kabla ya safari, ili wasipate malaria ugenini. Nalo liingie kwenye orodha.

#29 Duka_la_Dawa_Newala
#28, tafadhali usifanye hivyo. Mseto ni tiba, si kinga. Dozi ni mara 6 kwa siku 3, ya pili baada ya saa 8, zinazobaki kila saa 12, pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, na ni baada ya kipimo. Kwa safari ya Muscat hatari imegeuka: malaria wanaibeba kutoka Mtwara. Mtoto akipata homa wiki ya kwanza au ya pili kule, daktari anaweza kufikiria mafua. Neno la kwanza kumwambia ni "tumetoka Tanzania, mpimeni malaria".

#30 Hajjat_Mtama
Na kama mtapitia Umra mkiwa huko, Saudia wanataka cheti cha chanjo ya uti wa mgongo, ile ya aina nne, ichanjwe siku 10 au zaidi kabla ya kuingia. Kadi ya njano ya homa ya manjano kama mnazo zisitupwe, tangu 2016 zinatambuliwa maisha yote hata kama zimeandikwa miaka 10.

#31 Binti_Shangani
Asanteni sana. Nimefanya jaribio jana. Nimenunua vipimajoto viwili vya chumba, nikaweka ndani ya lile lile deli la mwaka jana, na barafu kiasi kile kile, nikalifungia kwenye buti la gari la jirani kuanzia asubuhi hadi saa 8 mchana, limeegeshwa juani. Kipimajoto kilichogusa barafu kilisoma 0. Cha juu, chini ya kifuniko, kilisoma 24. Deli moja! Na sikumbuki vichupa vilikaa wapi humo ndani.

#32 Kijana_wa_Ndanda
0! Nilisema.

#33 Mzee_wa_Nangurukuru
Gari la jirani limeegeshwa, injini imezimwa, halijaona Kibiti wala Ikwiriri. Ongeza saa nne na moto wa injini uone hiyo 24 inakuwa ngapi.

#34 Mpakiaji
Je, vyote viwili viliharibika kwa pamoja? Kimoja kilikuwa kwenye pochi, kingine chini. Kama ni ndege, kingeharibika kimoja. Mama alikuwa anatumia kipi?

#35 Binti_Shangani
Alianza na cha pochi. Siku ya pili jioni akafungua kingine kwa kuwa cha kwanza kilikuwa kinakaribia kwisha. Sasa umenichanganya zaidi.

#36 Nesi_Mstaafu_Masasi
Chochote kilichotokea, sandukuni ongeza hivi kwa ajili ya mama: sukari au glukosi mfuko wake peke yake. Safarini kushuka kunaua haraka kuliko kupanda. Akitoka jasho, akitetemeka, akiongea maneno yasiyoeleweka, vijiko vya chai 3 vya sukari kwenye maji, pima tena baada ya dakika 15. Akipoteza fahamu usimwekee kitu mdomoni, mlaze ubavu, tafuta hospitali. Asichome dozi kabla hajaona chakula kwa macho. Basi likikwama kama lile la Somanga na ameshachoma, utafanyaje? Na insulini beba maradufu ya mahitaji, igawe pochi mbili, yako na ya baba watoto.

#37 Duka_la_Dawa_Newala
Na mabomba ya sindano nunua huku yawatoshe. Insulini yetu ni ya uniti 100 kwa kila mililita, bomba liwe la uniti 100. Kuna nchi, kama India, bado wanauza ya 40. Ukichanganya, dozi inakwenda kombo kabisa.

#38 Mama_Pumu_Lindi
Samahani, nimerudi nyuma nimesoma #1 tena. Hakuna aliyeuliza kuhusu kipimo chenyewe. Mume wangu aliwahi kusoma 17 asubuhi, tukashtuka, kumbe alikuwa amemenya embe na hakunawa. Aliponawa kwa sabuni na kujikausha, 8. Na zile stripu, vijikaratasi vya kudondoshea damu kwenye kipimo cha sukari, zikipata unyevu, kopo likikaa wazi, zinadanganya.

#39 Kijana_wa_Ndanda
Lakini alikuwa anakojoa kila saa na midomo imekauka. Hilo embe haliwezi.

#40 Mama_Pumu_Lindi
Kweli, ilipanda. Nauliza ilipanda kiasi gani, na ile 11 nayo ilikuwa 11 ya kweli? Dada, kopo la stripu lilifunguliwa lini?

#41 Binti_Shangani
Lipo kabatini, ni lile lile, bado analitumia. Kifuniko chake kimepasuka, anafunga kwa mpira. Tarehe ya kufunguliwa hajaandika. Mama ameshalala, nitamuuliza asubuhi kabla hajanawa uso, kisha tunakwenda kliniki.